Sura ya Nne: Siku Tatu Mombasa, Kivuko kwa Kivuko

Wengi wanaopanga kuja Mombasa kwa siku mbili tatu huanza na orodha: Fort Jesus, Mji wa Kale, Pembe za Ndovu, ufuo, mamba, feri. Wakishaipata, huigawa kwa siku walizonazo, wakaona mpango umekamilika. Halafu hufika, na jioni ya kwanza huwakuta ndani ya matatu iliyokwama kwenye Daraja la Nyali, jua limezama na nusu ya orodha haijaguswa. Orodha ile ilitaja kila kitu isipokuwa maji.

Mombasa ni kisiwa, na wakazi wengi wa jiji hawalali kisiwani. Wanakaa ng'ambo: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe upande wa magharibi. Kila alfajiri huvuka kwenda kazini, sokoni na shuleni, na kila magharibi huvuka kurudi. Mwendo huo ndio saa ya mji, na mgeni asiyeifuata hupoteza muda wake mwingi njiani.

Sura hii inaeleza namna ya kupanga ziara fupi kwa kufuata vivuko vitatu, Makupa, Likoni na Nyali: kila siku kivuko kimoja. Mpango wa namna hii huokoa saa nyingi, lakini faida yake kubwa ni nyingine. Karibu kila jambo zito lililoupata mji huu, vita, dini, reli, kukomeshwa kwa utumwa, liliingia kwa kivuko kimojawapo kati ya hivi vitatu. Mgeni anayevuka huku akijua ni nani waliovuka hapo kabla yake huielewa Mombasa kwa undani ambao kuta za ngome peke yake haziwezi kumpa.

Mji uliotapanyika pande mbili za maji

Ushauri mwingi wa safari fupi umeandikwa kwa ajili ya miji iliyofungwa ndani ya kuta. Tallinn, mji mkuu wa Estonia kwenye Bahari ya Baltiki, ni mfano mzuri. Mji wake wa kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Sehemu kubwa ya ukuta wake wa zama za kati ingali imesimama. Msafiri anayetoka Helsinki huvuka bahari kwa meli kama saa mbili, akashuka bandarini, akatembea kwa miguu hadi langoni. Akishaingia, makanisa, minara na nyumba za wafanyabiashara wa zamani vyote vimekaribiana. Mji kama huo hauhitaji ratiba kali, kwa kuwa viatu vizuri na siku moja vinatosha kukupa sura yake.

Hata katika pwani yetu ipo miji inayofanana na huo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, kila mmoja ukiwa mji mzima. Mombasa ilipopata nafasi yake mwaka 2011, kilichoorodheshwa kilikuwa ni Fort Jesus peke yake. Historia iliyobaki imetapanyika: msikiti huku, kaburi kule, kengele ng'ambo ya daraja, karakana ya wachongaji karibu na uwanja wa ndege.

Wenyeji wenyewe hawakuwahi kuuona mji wao kuwa ni kisiwa tu. Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika mafungu mawili: Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Katika Thelatha wamo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Katika Tisa wamo Wamvita na Wajomvu, pamoja na jamaa waliotoka mbali kama Pate, Faza na Kilifi. Changamwe na Jomvu, ambazo leo makanga huziita kutwa nzima kwenye steji, zimo katika hesabu ya watu wa mji tangu enzi za masultani.

Kuchagua majira

Kabla ya kukata tiketi, tazama mambo manne.

La kwanza ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi. Anga huwa safi, bahari tulivu, na joto kali, hasa Februari. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba. Mwanzo wake huja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi. Vichochoro hujaa maji na matatu hupunguza mwendo. Kwa anayetaka kutembea kwa miguu, miezi ya Julai hadi Septemba inafaa zaidi, kwa sababu jua limepoa na upepo wa baharini hauishi.

La pili ni likizo. Shule za Kenya zikifungwa Aprili, Agosti na Disemba, familia kutoka Nairobi na bara huteremka kwa wingi. Treni hujaa wiki nyingi kabla, na wiki ya mwisho ya Disemba kila kivuko huelemewa. Ukiweza kuchagua, njoo katikati ya muhula wa shule, tena katikati ya wiki.

La tatu ni Ramadhani. Wageni wengine huuepuka mwezi huu wakidhani mji umelala. Mchana ni kweli mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na si adabu kula hadharani mbele ya waliofunga. Lakini jua likishatua, barabara hujaa watu na vyakula ambavyo miezi mingine huvioni kwa wingi: kaimati, mkate wa sinia, viazi karai, uji. Ukija Ramadhani, geuza ratiba: tembelea majengo asubuhi, pumzika adhuhuri, toka usiku.

La nne ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne. Ukitaka kutembea juu ya mwamba wa Shelly Beach na kutazama viumbe wa kwenye vidimbwi, fika asubuhi ya bamvua. Ukitaka kuogelea, ngoja maji yapande alasiri. Muulize mvuvi yeyote wa hapo. Atakujibu kwa uhakika kuliko simu yako.

Kulala wapi

Mgeni mwenye siku tatu asihamehame. Chagua mahali pamoja na uzijue kasoro zake.

Ukilala kisiwani, karibu na Mji wa Kale, asubuhi utavuka kinyume na umati: wao wanaingia, wewe unatoka. Jioni ni hivyo hivyo, wao wanatoka nawe unarudi. Kwa msafiri wa peke yake au watu wawili, hii ndiyo njia ya kuokoa muda.

Ukilala Likoni, vyumba hupatikana kwa bei ya chini na bahari iko karibu, ila kila asubuhi utasimama kwenye kivuko pamoja na maelfu ya wafanyakazi. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi umati huwa mkubwa sana. Afadhali kuvuka baada ya saa tatu, watu wakishapungua.

Ukilala upande wa Kisauni, kati ya Mkomani, Bombolulu na Bamburi, utapata nafasi ya watoto kucheza, ufuo na maduka. Utalazimika kuliheshimu Daraja la Nyali: usiingie kisiwani kabla ya saa tatu asubuhi, wala usitoke kisiwani kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Kula chakula cha jioni Mji wa Kale, vuka baadaye. Kwa familia, huku ndiko ninakokupendekeza.

Siku ya kwanza: Makupa

Tuseme umepanda Madaraka Express ya asubuhi kutoka Nairobi. Treni hiyo, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, haikufikishi kisiwani. Hukushusha Miritini, ng'ambo ya magharibi, mapema alasiri. Wasafiri wengi hukimbilia teksi moja kwa moja hadi mjini na kuipita Changamwe bila kuitazama. Uwanja wa ndege nao uko huku huku, kwa hiyo aliyekuja kwa ndege anakosa vilevile.

Simama Changamwe walau saa moja. Kando ya barabara ya Port Reitz kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963. Sanaa hii ya Ukambani ilipanuka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mara nyingi hutajwa Mutisya Munge, aliyejifunza mbinu za uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa vita hivyo, akazirudisha kwao. Hapa utaona kazi tangu mwanzo: gogo linapasuliwa kwa tezo, umbo linatokea, anapokea mwingine wa kupiga msasa, na wa mwisho anapaka rangi au nta. Uliza mti uliotumika. Mpingo na muhugu hukua polepole mno, na uchongaji wa miaka mingi umeipunguza misitu yake. Mwarobaini na mwembe hukua upesi na hupandwa majumbani. Kinyago cha mwarobaini ni zawadi nzuri na hakiudhuru msitu. Ukinunua hapa, fedha zinamfikia mchongaji kupitia ushirika wake.

Jina la Port Reitz nalo lina kisa. Mwaka 1824 watawala wa Kimazrui wa Mombasa, wakihofia nguvu za Sayyid Said wa Oman, waliomba himaya ya Waingereza. Nahodha Owen aliyekuwa na meli ya Leven akakubali bila idhini kamili ya wakubwa wake, akamwacha afisa kijana, Luteni John James Reitz, asimamie mji. Reitz alifariki kwa homa mwaka huohuo, na himaya yenyewe ikavunjwa mwaka 1826. Hori la maji la upande huu likabaki na jina lake.

Sasa elekea Makupa. Leo unapita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2022. Kabla yake palikuwa na tuta la mawe na udongo, lililojengwa mwaka 1929, ambalo lilizuia maji ya upande wa Tudor na ya upande wa Port Reitz yasikutane. Daraja jipya limeyarudishia njia yake. Na kabla ya tuta, reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, mafundi walivusha njia hapa kwa daraja walilolipa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo.

Lakini rudi nyuma zaidi. Makupa palikuwa mahali pa pekee ambapo mtu angeweza kuingia kisiwani kwa miguu maji yakipwa, ndiyo maana palilindwa kwa minara. Mwaka 1589 wapiganaji wa Kizimba walikuwa wamefika hapa kutoka kusini na kulizuia vuko. Wakati huohuo manowari za Wareno zilifika kupambana na Mir Ali Bey, jemadari wa Kituruki ambaye watu wa Mombasa walimkaribisha awasaidie. Mji ukashikwa pande mbili: Wareno baharini, Wazimba Makupa. Wareno walishinda, Wazimba wakavuka, na mji ukaangamia. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, ujenzi wa Fort Jesus ukaanza. Anayepita Makupa akalijua hilo, kesho akiingia ngomeni ataelewa kwa nini ilijengwa.

Jioni hii usijaze mambo. Nenda Mama Ngina, bustani ya ufukoni iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Kaa chini ya mibuyu, agiza dafu na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, utazame meli zikiingia Kilindini. Ng'ambo ya pili unaiona Likoni, safari ya kesho.

Siku ya pili: ngome asubuhi, Likoni mchana

Kunywa chai mapema, mahamri na mbaazi, uwe kwenye lango la Fort Jesus linapofunguliwa saa mbili, kabla jua halijawa kali. Chukua kitambulisho chako: kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni wa nje. Weka fedha kwenye simu, na mwombe mwongozaji mwenye beji.

Ngome ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno, na ilikamilika mwaka 1596. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Mambo matatu yasikupite. Kwanza, michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno waliokuwa wakisubiri zamu zao. Pili, vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ikijaribu kuwaokoa waliozingirwa. Mzingiro huo wa Waomani ulianza Machi 1696 na kwisha Disemba 1698. Tatu, nyumba ya Waomani iliyo juu ya boma, ambako unaiona bahari yote ya Mji wa Kale na ufuo wa Mkomani upande wa pili.

Hapohapo juu, mkumbuke Yusuf bin Hassan. Alikuwa mwana wa sultani, akapelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa na kulelewa na Wareno, kisha akarejeshwa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu na kuutwaa mji. Wareno waliurudisha baadaye, lakini utulivu wao haukurudi kamwe. Kuanzia mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, hadi mwaka 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960.

Ukitoka, shika Ndia Kuu kwa miguu. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao, pita Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mnene mweupe, teremka hadi bandari ya zamani, na upite Leven House. Katika Mji huu wa Kale ndimo alimoishi mshairi Muyaka bin Haji enzi za Wamazrui, na ni shukrani kwa Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor kwamba mashairi yake yalikusanywa na kuandikwa yasipotee. Vaa mavazi ya heshima, amkia watu, na usielekeze kamera mlangoni kwa mtu kabla hujapiga hodi. Wanaokaa humu wako nyumbani kwao.

Saa sita au saa saba, nenda feri ya Likoni. Saa hizi umati umepungua. Mkondo wa Kilindini hapa ni kama nusu kilomita tu, na waendao kwa miguu hawalipi. Magari ndiyo yanayolipa. Kuna mambo ya kuzingatia: fuata njia ya waendao kwa miguu, usikimbie kwenye ngazi za kuteremkia, ukiwa na watoto uwashike mkono, na usipige picha, kwa sababu bandari na kambi ya wanamaji ziko karibu.

Huduma ya feri hapa ni ya tangu mwaka 1937. Kwa mtu wa Likoni, ndiyo barabara ya kazini, ya hospitalini na ya harusini. Na ina msiba wake. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, inayovuka sehemu nyingine ya mkondo huuhuu, ilizama asubuhi ikiwa imejaa wafanyakazi, na watu 272 wakafa. Ukivuka, vuka kwa utulivu na heshima; wengi unaosimama nao wana ndugu au jirani aliyepotea siku ile.

Ukifika ng'ambo, panda tuktuk hadi Shelly Beach. Ufuo huu hauna hoteli nyingi kubwa kama Diani, na Jumapili hujaa familia za wenyeji. Kula samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, tembea kwa kadiri maji yatakavyokuruhusu. Jua pia kwamba umesimama kwenye ardhi iliyokaliwa na watu tangu zamani mno: huko Mtongwe, wanaakiolojia kutoka Japani walichimbua zana za mawe za watu walioishi hapa maelfu ya miaka kabla ya mji wowote kujengwa kisiwani.

Rudi saa kumi na moja. Feri zinazokwenda Likoni zitakuwa zimejaa pomoni; yako, inayorudi kisiwani, itakuwa na nafasi.

Neno kwa wanaotoka Tanga na Dar es Salaam: basi lenu huingia Kenya kupitia Lungalunga, kwa hiyo Likoni ndiyo mlango wenu. Ifanyeni siku yenu ya kwanza, na Makupa iwe ya mwisho. Wenye gari binafsi wanaweza pia kupita barabara ya Dongo Kundu, inayotoka barabara ya Likoni–Lungalunga hadi Miritini bila kupanda feri.

Siku ya tatu: Nyali na Kisauni

Siku hii ipe muda mrefu zaidi. Daraja la Nyali unalopita lilifunguliwa mwaka 1980. La kabla yake, la mwaka 1931, lilikuwa daraja la kuelea juu ya maboya. Eneo lote la ng'ambo hii lilikuwa likihesabiwa Kisauni, kabla jimbo halijagawanywa mwaka 2013 na Nyali kujitenga.

Anza Mkomani, kwenye nguzo ya kumbukumbu ya Johann Ludwig Krapf. Mmisionari huyu Mjerumani, aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye, Julai, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa upande huu. Krapf aliendelea. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai; na kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, ilihifadhi maneno mengi ya Kimvita ambayo wasomi wangali wanayarejea.

Kutoka hapo nenda Frere Town, kwenye barabara kuu ya kwenda Malindi, mahali panapoitwa Kengeleni. Kengele yenyewe ingalipo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, baada ya shinikizo la ujumbe wa Sir Bartle Frere, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Manowari za Kiingereza zikaanza kukamata majahazi yenye mateka, na swali likawa: watu hawa, waliotolewa Nyasa, Yao na kwingineko, na wasioweza kurudi kwao, watakaa wapi? Mwaka 1875 misheni ikawapa makao hapa, mkabala na mji. Waliwakuta Waafrika wengine waliokombolewa zamani na kusomeshwa Nasik huko India, waliojulikana kama Wabombei, ambao wakawa walimu, mafundi na viongozi wa kanisa. Kengele iliita watu kazini na ibadani, na katika kumbukumbu za wenyeji iliwatahadharisha pia na hatari ya kuvamiwa.

Simama hapo ufikirie umbali. Ngome uliyoiona jana haiko mbali na hapa kwa jicho. Upande ule, wenye mashamba walikuwa wakiendesha minazi na nafaka zao kwa kazi ya watumwa. Upande huu, walioachwa huru walikuwa wakijifunza kusoma. Ugomvi haukuepukika, hasa watoro walipokimbilia kwenye misheni. Huko Rabai ulitatuliwa tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Kiingereza ilipowalipa fidia wenye watumwa, na zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kutoka Frere Town pia kilizaliwa chuo cha dini mwaka 1903, kilichohamia Limuru mwaka 1930 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wazao wa waanzilishi wangali wanaishi karibu, nalo kanisa la Emmanuel lingali linasali. Ukiweza kuja Jumapili, jiunge nao.

Karibu yake ni soko la Kongowea, linalolisha jiji zima. Pita ununue maembe, achari na mabuyu ya safarini. Mbele kidogo, Bombolulu, kuna karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, wanaotengeneza mapambo, nguo na vinyago.

Malizia Haller Park, Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe hapa mwaka 1954, na kilichobaki nyuma ya machimbo kilikuwa jangwa jeupe, halina udongo, maji yake yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti. Chache mno zilistahimili, na iliyoshinda ni mvinje. Majani yake yaliyodondoka yalikataa kuoza. Haller akaleta majongoo wekundu wa pwani, wakayala na kuyageuza mbolea, na udongo ukaanza kuzaliwa upya. Leo ni msitu wenye twiga, kobe wakubwa na viboko. Ndipo mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Disemba 2004 alipojiambatanisha na kobe mzee, habari iliyozunguka dunia. Watoto watauliza habari za kiboko huyo. Wewe waonyeshe na majongoo.

Kupunguza na kuondoka

Hesabu kuondoka kwako kwa kurudi nyuma. Treni za Miritini huondoka asubuhi, alasiri na usiku. Hakikisha ratiba, na ufike kituoni saa moja au zaidi kabla, kwa kuwa ukaguzi wa mizigo ni mrefu. Kutoka Bamburi hadi Miritini unavuka vivuko viwili, Nyali na Makupa. Kwa treni ya usiku, toka Bamburi saa kumi alasiri, kula mjini, kisha endelea.

Ukiwa na siku mbili tu, acha Shelly Beach na Haller Park. Ufuo na wanyama vinapatikana sehemu nyingi za pwani. Ukiwa na siku moja tu, ingia ngomeni saa mbili, tembea Mji wa Kale, kisha vuka Nyali ukamalizie Frere Town. Usiiache Frere Town kwa sababu yoyote. Kisiwani utaonyeshwa masultani, makapteni na mawe waliyoyapigania; ng'ambo ya daraja utakutana na watu ambao biashara ya mji huo iliwaondoa makwao, nao wakajenga upya maisha, shule na kanisa. Mpango wa safari usiowapa nafasi watu hao haujaifikisha ziara yako Mombasa.